Joto Lifike Bombani: Mazungumzo Juu ya Kulinda Mabomba ya Maji ya Nyumbani Wakati wa Baridi Kali

*Matini ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wakazi wa jimbo la Minnesota, Marekani, wazungumzao Kiswahili, kabla ya majira ya baridi kuanza.*

 Leo tuzungumze juu ya mabomba ya maji.

Kazi ya idara yetu ni kusimamia mashirika yanayouza gesi na umeme, na kusikiliza malalamiko ya wateja wake. Huenda mkajiuliza: mtu wa gesi na umeme ana lipi la kusema juu ya mabomba ya maji? Analo, kwa sababu katika jimbo hili bomba la maji huokolewa na joto, na joto hulipiwa kwa bili. Mtu anayeiogopa bili huzima joto. Joto likizimwa, bomba huganda. Bomba likiganda hupasuka, na hasara yake huweza kuzidi bili ya majira yote ya baridi. Mnyororo huo ndio ninaotaka tuukate pamoja leo.

Wengi wetu tumetoka mahali ambapo bomba la plastiki hupita juu ya ardhi au ubavuni mwa ukuta wa nje, na mchana maji ya kwanza hutoka ya moto kwa sababu ya jua. Hata waliokulia Njombe, Limuru au Kinangop wanaijua sakitu, ile inayounguza majani ya chai na ya viazi usiku, kisha ikayeyuka jua likichomoza. Baridi ya Minnesota haiondoki asubuhi. Tarehe 30 Januari 2019, mjini Minneapolis, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 28 za Farenhaiti chini ya sifuri, yaani nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Katika kijiji cha Tower, kaskazini mwa jimbo, tarehe 2 Februari 1996 kilishuka hadi nyuzi 60 za Farenhaiti chini ya sifuri. Kwa baridi ya namna hiyo udongo wenyewe huwa jiwe. Ndiyo sababu kanuni za ujenzi za hapa hudai misingi ya nyumba ichimbwe inchi 42 kusini mwa jimbo na inchi 60 kaskazini, na mabomba ya mtaani hulazwa chini zaidi ya hapo.

Kwa nini bomba hupasuka

Vitu vingi vikipoa husinyaa. Maji yakiganda hutanuka, kwa takriban asilimia 9. Aliyewahi kusahau chupa ya maji ndani ya friza anajua chupa hiyo huishia wapi.

Lakini lipo jambo ambalo watu wengi hawalijui, hata wenyeji. Mara nyingi bomba halipasuki pale palipoganda. Barafu inapoziba bomba huendelea kukua na kuyasukuma maji yaliyo mbele yake kuelekea kwenye bomba la jikoni au la bafuni, ambalo limefungwa. Maji hayo hayana pa kwenda. Shinikizo huongezeka kati ya barafu na koki iliyofungwa, mpaka bomba linaachia mahali palipo dhaifu. Ndiyo maana tunashauri kuacha maji yachuruzike usiku wa baridi kali: mchuruziko huo mdogo hulipa shinikizo mlango wa kutokea.

Jambo la pili ni kwamba bomba likipasuka, huenda usijue siku hiyo. Barafu yenyewe huziba ufa. Siku hali ya hewa inapopata nafuu na barafu kuyeyuka, ndipo maji humwagika. Kwa hiyo siku ya kwanza ya joto baada ya baridi kali si siku ya kujisahau.

Mabomba yaliyo hatarini si yote. Ni yale ambayo joto la nyumba haliyafikii: yaliyopita ndani ya ukuta wa nje, yaliyo chini ya sinki la jikoni lililoegemea ukuta huo, yaliyo kwenye gereji, yaliyo darini, na yale ya ghorofa ya chini ya ardhi, ile tunayoiita besimenti, hasa karibu na madirisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois walionyesha kwamba bomba lisilofunikwa huanza kuwa hatarini hewa inaposhuka hadi nyuzi 20 za Farenhaiti, karibu nyuzi 7 za Selsiasi chini ya sifuri. Hapa kwetu kiwango hicho huvukwa usiku mwingi tangu Desemba hadi Machi. Na upepo huharakisha mambo: bomba lililo jirani na ufa unaopitisha upepo huganda kabla ya wenzake. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, hawakuwa wakiifikiria Minnesota, lakini hapa msemo huo ni wa kweli neno kwa neno.

Kabla baridi haijaingia

Kazi ya kwanza haigharimu hata senti. Itafute koki kuu ya maji ya nyumba yako. Mara nyingi iko besimenti, karibu na mita ya maji, mahali bomba linapoingia kutoka mtaani. Ijaribu kuifunga na kuifungua. Kisha muonyeshe kila mtu mzima wa nyumba hiyo, na watoto wakubwa pia. Kama unaishi katika jengo la vyumba vya kupanga, muulize mwenye nyumba au msimamizi koki iko wapi, na ni nani anayepigiwa simu usiku wa manane. Andika namba hiyo, uibandike kwenye mlango wa friji. Siku maji yanapomwagika sakafuni, dakika kumi za kuitafuta koki ni dakika kumi za maji kuteremka hadi kwa jirani wa chini.

Kazi ya pili ni nje ya nyumba. Ondoa mpira wa kumwagilia bustani kwenye bomba la ukutani, uumwage maji, uuweke ndani. Mpira ukiachwa, maji hubaki katika bomba hilo na kuganda kurudi ndani ya ukuta. Kama kuna koki ya ndani inayolisha bomba hilo la nje, ifunge, kisha ufungue bomba la nje maji yaliyosalia yatoke.

Kazi ya tatu ni kuyavika mabomba nguo. Maduka ya vifaa vya ujenzi huuza mirija ya sponji yenye mpasuo upande mmoja. Unaipima, unaikata kwa kisu, unaivalisha juu ya bomba, unaifunga kwa utepe. Anza na mabomba yanayopita mahali pasipo na joto. Lakini kumbukeni kwamba nguo haileti joto, hulihifadhi lililopo. Bomba lililovikwa katika gereji isiyo na joto litaganda pia, ila kwa kuchelewa. Pia kuna nyaya za umeme za kupasha bomba joto. Hizo zinafaa, lakini zikifungwa vibaya huweza kuwasha moto. Fuata maelekezo ya kiwandani, na kama wewe ni mpangaji, mwachie mwenye nyumba kazi hiyo.

Kazi ya nne ni kuziba nyufa. Pita kandokando ya kuta za besimenti siku yenye upepo, ukiwa umelowesha kiganja. Unapohisi baridi, hapo pana njia ya hewa: penye nyaya za simu, penye bomba la mashine ya kufulia, penye fremu ya dirisha.

Usiku wa baridi kali

Utabiri ukisema baridi kali inakuja, fanyeni haya.

Fungueni milango ya makabati yaliyo chini ya sinki la jikoni na la bafuni, ili joto la chumba liyafikie mabomba. Kama mna watoto wadogo, ondoeni kwanza sabuni na dawa za kusafishia zilizomo.

Acheni bomba lililo mbali zaidi na mahali maji yanapoingilia nyumbani litiririke kidogo, la baridi na la moto pia, maana bomba la maji ya moto huganda vilevile. Mchirizi mwembamba kama risasi ya penseli unatosha. Ndiyo, maji hayo yanalipiwa, lakini gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na ya fundi bomba aliyeitwa usiku.

Msishushe joto la nyumba usiku kwa ajili ya kubana matumizi. Usiku wa kawaida, kupunguza joto kidogo mnapolala ni busara nzuri. Usiku wa baridi kali, kiache kidhibiti joto pale kilipokuwa mchana.

Jambo moja sina budi kulisema bila kuzunguka. Wengi wetu tumekua na jiko la mkaa, na tumelipenda. Hapa, tafadhali, jiko la mkaa, jiko la kuchomea nyama na jenereta visiingie ndani ya nyumba wala gereji, hata mlango ukiwa wazi. Wala oveni ya gesi isitumike kupasha nyumba joto. Nyumba za hapa zimejengwa kuzuia hewa isipite, na moto huo hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo humuua mtu usingizini. Mwezi Februari 2021, baridi kali ilipoikumba Texas na zaidi ya nyumba na biashara milioni 4 zikakosa umeme, mabomba yalipasuka katika miji mingi, na watu zaidi ya 200 walikufa. Miongoni mwao walikuwamo waliouawa na gesi hiyo walipokuwa wakijitafutia joto. Sheria ya Minnesota inadai king'ora cha gesi hii kiwepo ndani ya futi 10 za kila chumba cha kulala. Kama nyumbani kwako hakipo, mwambie mwenye nyumba. Kikilia, tokeni nje wote, kisha mpige 911.

Mkisafiri Desemba

Najua wapo hapa watakaokwenda nyumbani kwa sikukuu, majuma matatu au manne. Nyumba iliyoachwa tupu ndiyo iliyo hatarini kupita zote, kwa sababu hakuna anayesikia maji yakimwagika.

Usizime joto. Lisishuke chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, yaani 13 za Selsiasi. Na kama nyumba ni ya zamani, liache juu kidogo ya hapo. Mpe jirani au ndugu ufunguo, aingie kila siku kutazama kama joto lipo, kwani mashine ya kupasha joto huweza kuharibika siku ya pili ya safari yako. Kama nyumba ni yako mwenyewe, funga koki kuu, kisha fungua mabomba yote maji yaliyobaki yatoke. Ila kama nyumba yako hupashwa joto kwa maji ya moto yanayozunguka kwenye redieta, au ina mabomba ya kuzimia moto darini, muulize fundi kabla ya kufunga chochote.

Tena, soma mkataba wako wa bima. Kampuni nyingi za bima hukataa kulipa hasara ya bomba lililoganda katika nyumba iliyoachwa bila joto. Na nyinyi wapangaji, jueni kwamba bima ya mwenye nyumba hulinda jengo lake. Haiulindi mkeka wako, kitanda chako wala kompyuta ya mtoto. Vitu hivyo hulindwa na bima ya mpangaji, ambayo unainunua mwenyewe.

Bomba likiganda, bomba likipasuka

Ukifungua bomba asubuhi na maji hayatoki, au yanatoka kwa kudondoka tu, huenda limeganda. Jaribu mabomba mengine. Kama ni moja tu, tatizo liko karibu nalo. Kama nyumba nzima haina maji, huenda limeganda bomba linalotoka mtaani. Hapo piga simu idara ya maji ya mji wako. Bomba hilo la chini ya ardhi huganda zaidi mwishoni mwa majira ya baridi, wakati baridi imekwisha kuzama ardhini, hata kama juu hewa imeanza kupata nafuu. Mwaka 2014 nyumba nyingi za jimbo hili zilipatwa na hilo.

Kwa bomba moja lililoganda ndani ya nyumba, kwanza acha koki yake wazi ili maji yapate pa kutokea. Kisha lipashe joto polepole kwa kikausha nywele au kwa taulo zilizoloweshwa katika maji ya moto. Anzia upande wa koki, ukirudi taratibu kuelekea palipoganda. Ukianzia katikati, mvuke na maji yanayoyeyuka yatakosa njia. Usitumie moto: si mshumaa, si kiberiti, si tochi ya gesi ya fundi. Nyumba nyingi za hapa zimejengwa kwa mbao, na ukuta huweza kuungua kwa ndani usijue. Ukitumia kikausha nywele, usisimame kwenye maji.

Bomba likipasuka, funga koki kuu mara moja, kisha fungua mabomba mengine shinikizo lishuke. Kama maji yamefika kwenye soketi au kwenye kisanduku cha umeme, usiguse. Toka nje na uombe msaada. Mjulishe mwenye nyumba kwa simu, na pia kwa ujumbe wa maandishi, ili ubaki na ushahidi wa saa na tarehe. Piga picha za kila kilichoharibika kabla hujakitupa.

Haki zenu juu ya joto

Sasa nirudi kwenye bili, kwa sababu hapo ndipo mabomba mengi huanzia kupasuka.

Ukiwa mpangaji, sheria ya Minnesota inamtaka mwenye nyumba ahakikishe joto lisilopungua nyuzi 68 za Farenhaiti, yaani 20 za Selsiasi, tangu tarehe 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Joto likikosekana, au maji yakikatika, mwarifu kwa maandishi. Kama baada ya saa 24 hajarekebisha, unaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya dharura. Mahakama itakupatia mkalimani. Kudai joto si utovu wa adabu kwa mwenye nyumba. Nawe ukimwambia mapema kwamba chumba fulani ni cha baridi kuliko vingine, umemwokolea jengo lake.

Ukiwa unalipa gesi au umeme mwenyewe, ipo Kanuni ya Majira ya Baridi. Kati ya tarehe 1 Oktoba na 30 Aprili, shirika halitakukatia huduma inayoleta joto, mradi umepatana nalo juu ya malipo na unayatimiza mapatano hayo. Kama mapato ya kaya yako hayazidi nusu ya mapato ya kati ya jimbo, malipo ya mpango huo hayapaswi kuzidi asilimia 10 ya mapato yenu ya mwezi. Hata aliyekwisha kukatiwa anaweza kuomba kurudishiwa huduma kwa mpango kama huo.

Lakini sikilizeni vizuri sehemu hii: kinga hiyo haiji yenyewe. Ni lazima upige simu. Anayenyamaza kwa aibu hukatiwa kihalali. Anayepiga simu na kusema, "Siwezi kulipa zote, naomba tupange," hulindwa. Mwezi ukishindwa kutimiza ulichoahidi, piga tena kabla ya siku ya malipo, mpange upya. Najua wengi wetu tumelelewa kusitiri shida za nyumba. Hapa, kusitiri shida ya bili kwaweza kuwagharimu watoto joto.

Uko pia Mpango wa Msaada wa Nishati, unaosaidia kaya zenye kipato kidogo kulipia joto. Wapangaji na wenye nyumba wote wanaweza kuomba, na msaada huo si mkopo. Wenye nyumba wanaweza pia kusaidiwa kutengeneza mashine ya kupasha joto iliyoharibika. Na uko mpango mwingine wa kuziba nyufa na kufunika kuta na dari kwa watu wa kipato kidogo. Ombeni mapema, fedha zikiwapo.

Msikwamishwe na lugha. Ofisi nyingi zina wakalimani kwa simu, bila malipo. Ukipokelewa, sema neno moja tu, "Swahili," na usubiri kwenye laini.

Ndugu zangu, nimesema mengi, na si lazima myakumbuke yote usiku huu. Ndiyo sababu yamechapishwa kijitabuni. Naomba yabaki matatu. Joto lifike kila mahali palipo na bomba. Kila mtu mzima wa nyumba aijue koki kuu. Na bili ikielemea, simu ipigwe kabla joto halijazimwa. Mkifika nyumbani leo, kabla ya kulala, mtu mmoja kwa kila nyumba ateremke besimenti au ampigie msimamizi wa jengo, aulize koki iko wapi. Na kama kuna bibi au babu anayeishi peke yake jirani nanyi, mwende mkamtafutie na yeye.

 Sasa nipo kwa maswali yenu.